Injini ya kilomita nyingi inapiga kelele: oili ipi, na dawa ya chupa ina kazi gani?

Swali ni hili: gari la petroli, silinda nne, kilomita 280,000, linapiga tik-tik-tik sehemu ya juu ya injini. Siku zote limekuwa likiwekewa 5W-30. Mwenye gari ameshauriwa arukie 20W-50 na aongeze chupa ya dawa nzito juu yake. Afuate ushauri huo?

Asifuate kwanza. Oili inatibu kelele mbili au tatu tu. Nyingine zote inazifunika, na kelele iliyofunikwa inaendelea kula chuma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kinacholia ni nini.

Anza na dipstiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika tano au kumi. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, pampu hunyonya hewa kwenye kona na milimani. Ikizidi alama ya juu nayo ni balaa: krenki (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni) huichapa ikawa povu, povu linaingia kwenye tapeti za oili (vifaa vidogo vinavyosukuma valvu na kujikaza kwa presha ya oili), na kwa kuwa hewa inabonyea, tapeti inashindwa kukaza na inaanza kugonga. Wapo wanaoongeza nusu lita "ya usalama" kumbe kelele wameitengeneza wenyewe.

Kisha sikiliza. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye kava ya valvu na mpini sikioni, ukiwa mbali na feni na mikanda. Sogeza ncha taratibu kutoka silinda ya kwanza hadi ya nne. Tapeti hulia kwa mdundo mwepesi wa haraka, na utausikia wazi zaidi ukifika juu yake. Ukiona mlio ni mkali zaidi kwenye alternata au puli ya mkanda, achana na habari za oili.

Kuna kelele nne ambazo watu huzichanganya na tapeti. Eksozi inayovuja kwenye gasketi ya manifoldi hutoa tik-tik ile ile, ila hupungua injini ikipata moto kwa sababu chuma kinatanuka na kuziba mwanya. Tafuta masizi meusi pembeni ya gasketi. Pistoni iliyolegea kwenye silinda nayo hugonga ikiwa baridi na kutulia ikipata moto. Cheni ya taimingi huchakacha sekunde mbili tatu za mwanzo, kabla kikaza cheni hakijajaa oili. Ya nne ndiyo ya kuogopa: beringi za konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na krenki. Pasha injini moto, ipandishe hadi mizunguko 2,500, kisha achia ghafla. Ukisikia go-go-go nzito kutoka chini wakati inashuka, chomoa plagi ya umeme ya injekta moja moja. (Usichomoe koili tu na kuacha injekta inamwaga, petroli isiyochomwa itaunguza katalisti, kile kisafisha moshi kwenye eksozi.) Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, ndiyo yenye tatizo. Hapo hakuna chupa wala uzito wa oili utakaokusaidia.

Na kuna injini ambazo hazina tapeti za oili kabisa. Valvu zake hurekebishwa kwa skrubu au visahani, na uwazi hupimwa kwa fila geji, mara nyingi kati ya milimita 0.15 na 0.35 kutegemea injini na kama ni valvu ya kuingiza au ya kutoa. Kama injini yako ni ya aina hiyo, jibu ni fila geji. Dawa ya tapeti kwenye injini isiyo na tapeti za oili ni pesa ya bure, na hili hutokea kila siku.

Sasa presha. Taa ya oili huwaka presha ikiwa imeshaanguka mno, hivyo kutowaka kwake si cheti cha afya. Fungua swichi ya presha, funga geji ya mkono mahali pake, pima injini ikiwa moto kabisa. Kanuni ya haraka ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Takwimu kamili ziko kwenye kitabu cha gari. Usidanganyike na kitu kimoja: presha ni ukinzani, si wingi wa oili inayopita. Oili nzito hupandisha mshale wa geji huku ikipita kidogo zaidi kwenye beringi.

Hapo ndipo uzito wa oili unapoingia. Namba kabla ya W inahusu oili ikiwa baridi, namba ya pili inahusu ikiwa na joto la nyuzi 100. Kwa viwango vya SAE, oili ya 30 kwenye joto hilo ina mnato (uzito wake wa kutiririka, kwa sentistoki) wa 9.3 hadi chini ya 12.5, ya 40 ni 12.5 hadi chini ya 16.3, ya 50 ni 16.3 hadi chini ya 21.9. Kwa hiyo 5W-30 kwenda 5W-40 ni hatua moja ya busara kwa injini iliyolika, inayokula oili kidogo au yenye presha ya wastani. Kwenda 20W-50 ni hatua mbili kwa upande wa joto, na upande wa baridi ndio mbaya zaidi: asubuhi oili inachelewa kufika juu, yaani kule kule kunakolia. Injini zenye taimingi ya valvu inayobadilika hutumia oili kama nguvu ya kusukuma, kupitia vitundu vidogo na vichujio vya wavu. Oili nzito ikichelewa humo, taa ya injini inawaka na msimbo wa hitilafu kama P0011. Iliyotengenezwa kwa 0W-20, hatua yake ya kwanza ni 5W-30.

Kwenye lebo tafuta daraja la ubora la API SP, au SN kama SP haipatikani. Oili zilizoandikwa za kilomita nyingi zina viungo vya kulainisha sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zilizokakamaa. Zinapunguza kuvuja kwa jasho jasho, lakini sili iliyochanika haitajishona. Oili ya injini ya dizeli kwenye injini ya petroli kwa sababu "inasafisha" siishauri kama injini inatoa moshi wa bluu, maana fosforasi na majivu yake huishia kwenye katalisti.

Dawa za chupa si kitu kimoja. Za kuifanya oili iwe nzito ni polima zinazonata. Baadhi huelekeza sehemu moja kwa nne za oili, na ukifanya hivyo umepunguza pia visafishaji na vizuia kutu vya oili yenyewe. Za molibdeni hupunguza msuguano na hazina ubaya kwenye gari, ila usiweke kwenye pikipiki ambayo klachi yake inaogelea kwenye oili ile ile. Za chembe za PTFE (ile plastiki ya Teflon) zipuuze: mwaka 1996 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Slick 50 kwa madai ya kinga ya injini ambayo hayakuwa na ushahidi. Za kusafisha tapeti, zenye visafishaji, ndizo pekee zenye nafasi kwa tatizo hili, na zipe kilomita 500 hadi 1,000 kabla ya kuhukumu.

Dawa kali za kuosha injini kwa dakika kumi siziamini kwenye gari lenye tope jeusi chini ya kifuniko cha oili. Tope hubanduka vipande na kuziba wavu wa pampu. Kuosha injini kwa dizeli au oili ya giaboksi otomatiki ni kubaya vilevile. Ya kwanza huyeyusha ulainishaji, ya pili ina visafishaji vichache kuliko oili ya injini yenyewe.

Ningefanya hivi kwa gari hili: mwaga oili injini ikiwa vuguvugu, iache itiririke dakika 15. Badilisha filta, chagua yenye valvu nzuri ya kuzuia oili isirudi, kwa sababu valvu mbovu huacha mifereji mikavu usiku. Paka oili kwenye mpira wake, kaza kwa mkono hadi mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Weka 5W-40, washa, kagua uvujaji, zima, ongeza kidogo kidogo. Badilisha tena baada ya kilomita 2,500, halafu rudia mara moja. Tope linaondoka taratibu na tapeti nyingi zilizokwama huachia.

Filta ya zamani usiitupe. Kata kopo lake, kunjua karatasi juani, upitishe sumaku. Vumbi jeusi linaloshikwa na sumaku ni chuma cha kawaida cha kulika kidogo kidogo. Vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku haivigusi, vyeupe au vya rangi ya shaba, mara nyingi vimetoka kwenye beringi. Injini isiwashwe tena mpaka sampu (beseni la oili chini ya injini) ifunguliwe na krenki ipimwe.