Unaporudia mtihani wa leseni ya meno, anza na makosa yako

Mdogo wangu uliyetoka kuangalia matokeo ukakuta hujapita tena, najua utakachofanya wiki hii. Utafungua kitabu kile kile, sura ya kwanza, ukurasa wa kwanza, na kujiapiza kwamba safari hii utapiga msuli kuliko zamani. Nakuomba usikifungue bado.

Mimi ni daktari wa meno hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa jioni zangu nyingi zimekwenda kwenye diskasheni za wenzetu wanaorudia mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wengine wamesoma Muhimbili, wengine wamerudi na shahada za nje. Karibu wote niliokaa nao wana akili ya kutosha na wanakesha. Wanaanguka tena kwa sababu wanajiandaa kwa namna ile ile iliyowaangusha mwanzo, ila kwa saa nyingi zaidi. Aliyesoma kitabu mara tatu anakisoma mara ya nne, anazidi kuyazoea maneno yake, na kuyazoea kunampa hisia kwamba anajua.

Elewa kwanza mtihani huu unatafuta nini. Chuoni walimu walitaka kuona umejifunza. Baraza linataka jibu la jambo lingine kabisa: ukiachwa peke yako na mgonjwa huko Chanika au Mbagala, saa kumi jioni, hakuna bingwa wa kumpigia simu, je, mgonjwa huyo atatoka salama mikononi mwako? Kila swali lisome kwa jicho hilo. Utashangaa ni maswali mangapi yatabadilika sura.

Sasa nunua kaunta buku. Tafuta maswali ya kutosha, yafanye kwa kujipima muda bila kitabu pembeni, kisha sahihisha. Kwa kila ulilokosa andika kwa nini ulichagua ulichochagua. Jibu sahihi peke yake halitakusaidia, maana ukiliona tu utasema “aa, hili nalijua” na kupita. Baada ya wiki chache pitia sababu zako. Zitajigawa zenyewe: mada ambazo hukuwahi kuzielewa, mambo uliyoyajua yakakutoka, na maswali uliyoyajua vizuri lakini ukajibu kitu ambacho hakikuulizwa. Wanaorudia wengi huamini shida yao ni kundi la kwanza. Madaftari niliyoyaona yanaonyesha kundi la mwisho ndilo linalowaumiza zaidi.

Nieleze hilo kwa mfano, maana hapa ndipo alama nyingi zinapotea. Mgonjwa analetwa, jino la gego la chini limemuuma siku nyingi. Sasa amevimba chini ya taya pande zote mbili, ulimi umesukumwa juu, anadondosha mate kwa sababu kumeza hawezi, sauti imebadilika. Majibu manne: kung'oa jino, kupasua na kutoa usaha, kumpa antibiotiki kwa mshipa, kuhakikisha njia ya hewa. Yote manne yatafanywa kwa mgonjwa huyu wa anjina ya Ludwig, yaani maambukizi yaliyosambaa chini ya ulimi na taya. Ila swali limeuliza hatua ya kwanza, na mgonjwa huyu akifa leo atakufa kwa kukosa hewa. Aliyechagua antibiotiki ameijua tiba yote ya ugonjwa na bado amekosa. Swali lile lile likiuliza namna ya kuondoa chanzo cha maambukizi, jibu linahamia kwenye jino. Kwa hiyo jizoeze kusoma mstari wa mwisho wa swali kabla ya maelezo: unaulizwa hatua ya kwanza, uchunguzi utakaothibitisha, tiba ya kudumu, au kitu ambacho hupaswi kufanya?

Maswali ya kuahirisha nayo ni ya aina hiyo. Mtu amekuja kung'oa jino lisilo na dharura, unampima presha unakuta 180 kwa 110 au zaidi. Daktari mwenye haraka anaona jino. Daktari salama anaahirisha, anampumzisha na kumpima tena, kisha anamwandikia rufaa ya kwenda kutibiwa presha. Wapo wanaoogopa kuchagua jibu la kuahirisha au kumpeleka mgonjwa mbele kwa kudhani linaonyesha udhaifu. Kwenye mtihani wa leseni, kujua pa kusimama ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Kundi la mambo yanayotoka kichwani ni namba zaidi ya kitu kingine. Hesabu za ganzi zifanye mpaka mkono uzizoee. Lignokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Mtoto wa kilo 15, ukitumia kikomo cha miligramu 4.4 kwa kilo, hapaswi kuvuka miligramu 66. Kartriji, yaani kichupa cha ganzi kinachoingia kwenye sindano, ya mililita 1.8 ina miligramu 36, hivyo ni pungufu kidogo ya mbili. Lakini kartriji ya mililita 2.2 ina miligramu 44, na mtoto yule yule sasa mwisho wake ni moja na nusu. Aliyekariri “mbili kwa mtoto” bila kuangalia ujazo amemzidishia dawa. Angalia pia kitabu chako kimetumia kikomo kipi, kwani vipo vinavyoruhusu hadi miligramu 7 kwa kilo kwa mtu mzima dawa ikiwa na adrenalini.

Na namba za meno, kama vitabu vyako vimetoka Marekani. Sisi tunatumia mfumo wa tarakimu mbili, ambamo 16 ni gego kubwa la kwanza la juu kulia. Katika mfumo wa Wamarekani 16 ni gego la mwisho la juu kushoto. Nimeona watu wenye kichwa kizuri wakikosa swali jepesi la eksirei kwa ajili hiyo tu. Chagua mfumo wa hapa, na kila unaposoma kitabu cha kule badilisha namba papo hapo kwa kalamu.

Kuhusu njia ya kusoma, kuna jaribio linalojulikana la mwaka 2006, la wanasaikolojia Roediger na Karpicke. Wanafunzi waliosoma maandishi kwa kurudia rudia walikumbuka zaidi dakika chache baadaye. Baada ya wiki moja, waliosoma kisha wakajipima waliwapita. Mtihani wako hauji dakika tano baada ya kusoma, unakuja baada ya wiki na miezi. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika yote unayoyakumbuka kuhusu soketi kavu, yaani shimo la jino lililong'olewa likapoteza damu iliyoganda na kuuma: huanza lini, husababishwa na nini, utaitambuaje, utafanya nini. Ukishindwa kujaza nusu ukurasa, hapo pana kazi, hata kama sura hiyo umeipigia mistari ya rangi kila kona. Lala, kesho andika tena.

Maswali yanayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani achana nayo. Majibu yake mara nyingi yamejazwa na mtu aliyebahatisha kama wewe, na yanakuingizia wasiwasi saa ambayo unahitaji usingizi. Maelekezo kuhusu muundo wa mtihani nayo yachukue kwenye tangazo la Baraza lenyewe la awamu yako.

Kama una sehemu ya vituo, yaani oski, ambapo unapita kituo kimoja hadi kingine ukionyesha kazi kwa vitendo, au ya kuhojiwa mdomo, basi kusoma kimya kimya hakutakufikisha. Mfumo huu wa vituo, ambao mwalimu wa udaktari Ronald Harden aliuanzisha Dundee, Uskoti, mwaka 1975, unampa mtahini karatasi yenye orodha ya vitendo, naye anatia alama kwa anachokiona na kukisikia. Uliyoyawaza kichwani hayana alama. Kwa hiyo fanyeni mazoezi watatu watatu, mmoja mgonjwa, mwingine daktari, wa tatu ameshika saa. Sema kila unachofanya: “Nanawa mikono. Nahakikisha jina la mgonjwa. Namuuliza kama ana mzio wa dawa yoyote.” Mgonjwa akizimia kwenye kiti, sema unatoa vifaa mdomoni, unalaza kiti, unainua miguu, unaangalia hewa na mapigo, unaandaa oksijeni, unapima sukari. Akipata mzio mkali, taja adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, kwa sauti isiyotetemeka. Sauti hiyo huja kwa kuirudia mbele ya watu, hata kama ni sebuleni kwenu Tabata na shemeji anapita na sahani.

Mazungumzo na mgonjwa yafanyieni mazoezi zaidi ya vifaa. Kuna kisa ambacho kila daktari wa meno nchini anapaswa kukimudu. Mama kamleta mtoto mchanga anayeharisha na ana homa, na jirani amemwambia mtoto ana meno ya plastiki, wengine huita ya nailoni, yang'olewe haraka. Anataka wewe uyatoe, au atampeleka kwa mtu wa mtaani mwenye kisu. Niliwahi kuona mtahiniwa akianza kwa kumkaripia mama. Amejua sayansi yote, na mama yule katika maisha halisi angeondoka moja kwa moja kwenda kwa mwenye kisu. Anza na homa. Mwambie mama amefanya vizuri kumleta, mwangalie mtoto, tazama dalili za upungufu wa maji, mpeleke apimwe malaria na kutibiwa kuhara leo leo. Kisha muonyeshe ule uvimbe mweupe kwenye fizi, umweleze kwamba ni jino la chonge la utotoni linalokua, ambalo litatokeza lenyewe mtoto atakapokaribia mwaka mmoja na nusu, na kwamba kulichimbua kunaweza kuleta damu nyingi, maambukizi, na kuharibu jino la kudumu linalofuata. Mwulize amekuelewaje. Panga naye siku ya kurudi. Kituo hicho kikifanywa hivyo, mtahini hana pa kukunyima.

Cha pili katika aina hiyo ni jino lililong'oka kwa kuanguka. Mtoto wa miaka minne, jino la mbele la juu: ni la utotoni, halirudishwi. Mtoto wa miaka tisa, jino hilo hilo: ni la kudumu, lishikwe upande wa kichwa chake, mzizi usisuguliwe, lirudishwe shimoni upesi, au liletwe likiwa ndani ya maziwa. Umri mmoja tu ndani ya sentensi ndio unaogeuza jibu lote.

Usisahau kwamba mtihani ni wa nchi hii. Vitabu vya kigeni vinatumia kurasa nyingi kwa mambo ambayo huenda usiyaone Temeke kwa mwaka mzima, na kupita haraka yale yanayokaa foleni kliniki zetu: ameloblastoma, yaani uvimbe wa taya, iliyoachwa ikavimbisha taya la chini miaka na miaka kwa sababu haiumi, limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 huko Uganda, inayokua upesi kwenye taya za watoto, fangasi na saratani iitwayo sakoma ya Kaposi mdomoni kwa mtu ambaye hajapima virusi vya UKIMWI, meno yenye madoa ya kahawia ya watu waliokulia Arusha, Kilimanjaro au Manyara, ambako maji ya sehemu nyingi yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa kikomo. Haya yajue kwa historia yake, sura yake kwenye eksirei, na hatua yako ya kwanza.

Siku yenyewe, kama unatokea Kimara au Mbezi na mvua za masika zimeanza, usitegemee Barabara ya Morogoro asubuhi hiyo. Jangwani ikijaa maji, mwendokasi husimama na mabasi mengine yote hukwama. Omba kulala kwa ndugu upande wa mjini. Ndani ya chumba, badilisha jibu pale tu unapoona sababu unayoweza kuitaja, kwa mfano neno ulilolipita bila kulisoma. Ukiwa na sababu hiyo, badilisha bila hofu. Ule usemi wa kwamba jibu la kwanza ndilo sahihi umewakosesha wengi.

Limebaki hili la kipindi cha kusubiri, ambalo linaniuma kuliko yote. Nyumbani wanakuita dokta tangu mahafali. Wazazi wameuza shamba, mdogo wako anasubiri ada, na kila harusi unaulizwa umepangiwa hospitali gani. Ndipo anatokea mwenye kliniki mtaani anakwambia njoo ufanye kazi, leseni itafuata, atakulipa mkononi. Kataa. Kutibu bila usajili ni kosa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia taaluma zetu, na mgonjwa akidhurika hakuna atakayesimama nawe, hata huyo aliyekuita. Waambie nyumbani ukweli wote mara moja: mtihani upo, hukupita, tarehe nyingine ni hii, mpaka hapo huruhusiwi kugusa mgonjwa. Ukificha, kila simu ya mama itakuwa mzigo, na huwezi kukaa na kusoma ukiwa umebeba mzigo huo.

Mwombe daktari mwenye leseni akuruhusu ukae pembeni utazame kazi, upange vifaa, ujifunze mashine ya kutakasia inavyoendeshwa kwa nyuzi 121 na kwa 134. Kila mgonjwa akitoka, mwambie daktari huyo wewe ungefanya nini kwanza na kwa nini, akusahihishe. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima na kwa uwazi. Peleka ombi kwa maandishi, eleza kwamba hujasajiliwa, taja tarehe ya mtihani wako na siku mbili za wiki utakazoweza kufika.