Njaa ya Ukraine 1932–33: ukame au serikali?

Mkuu, umeuliza kama ni ukame ulioua watu Ukraine 1932–33. Hapana. Mavuno ya 1932 yalikuwa hafifu kweli, lakini serikali ya Umoja wa Kisovieti, uliotawala Ukraine wakati huo, ilipowalazimisha wakulima kuingia mashamba ya pamoja, wengi walichinja mifugo yao kuliko kuikabidhi. Farasi wa kulimia wakapungua vibaya, matrekta hayakutosha, palizi ikachelewa, nafaka nyingi ikapotelea shambani.

Kilichoua hasa ni makusanyo ya nafaka. Serikali hiyo, huko Moscow, ilipanga kiasi cha nafaka cha kutolewa. Kijiji kikishindwa, kinaweza kuingizwa kwenye orodha nyeusi: bidhaa zinaondolewa dukani na hazirudi, hata chumvi na mafuta ya taa. Novemba 1932 ikaongezwa faini ya kulipa nyama kwa walioshindwa kutoa nafaka, hapo hata ng'ombe wa maziwa, tegemeo la mwisho la watoto, akaswagwa. Sheria ya Agosti 7 mwaka huohuo ilimhukumu kifo au miaka 10 hata aliyeokota masuke ya shamba la pamoja. Na Januari 22, 1933 Stalin, kiongozi wa Kisovieti, akaagiza wakulima wazuiwe kutoka Ukraine na Kuban (eneo la Urusi jirani na Ukraine) kutafuta chakula. Tiketi za treni wakanyimwa. Nafaka bado ilikuwa inauzwa nje ya nchi.

Waliokufa Ukraine wanakadiriwa karibu milioni 3.9. Usiisahau Kazakhstan, nayo chini ya Kisovieti, ambako wafugaji walinyang'anywa mifugo na karibu milioni 1.5 wakafa.