Usianzie ukurasa wowote, anzia kwenye pete

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mwongozo wetu wa usafi una kurasa 86. Kila mfanyakazi mpya hupewa nakala, hutia sahihi kwamba ameisoma, na kesho yake namkuta anakata samaki na pete kidoleni. Menejimenti imekubali tuugeuze mwongozo uwe katuni fupi fupi. Nianzie ukurasa wa ngapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usianzie ukurasa wowote, anzia kwenye hiyo pete. Mwongozo uliandikwa ili mkaguzi akija aukute umekamilika, na kwa kazi hiyo uacheni kabatini ulivyo. Katuni ina kazi nyingine: kumwonyesha mtu kosa moja ambalo mkono wake umelizoea. Kaa na wakataji minofu siku mbili, uandike makosa unayoyaona kwa macho yako. Ukipata 10, una masomo 10.

Hili nililijua kwa uchungu. Kiwanda cha kwanza kunipa kazi kilitaka mwongozo mzima, nami nikauchora mzima: dakika 22. Siku ya kuonyesha, kufikia dakika ya sita akina mama walikuwa wanaongea habari za vikoba. Mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anatazama, akaniambia: "Mwanangu, huyo mtu wako amenawa vizuri, halafu amefunga bomba kwa mkono uleule. Na hapa bomba tunafungua kwa goti." Mwongozo nilikuwa nimeusoma mara tatu, bomba sikuwa nimeliona. Tangu hapo sichori kitu kabla sijaenda kusimama pale mfanyakazi anaposimama.

Tuje kwenye pete. Namna ya kushika kisu unaweza kuirekodi kwa simu na ikatosha. Lakini kamera haiingii chini ya pete, na hapo ndipo katuni inapostahili gharama yake. Chora kidole kijaze skrini. Povu linapita, maji yanapita, pete inainuka kidogo, na chini yake vidoa vya zambarau, ndio vijidudu, vimetulia tuli. Mkono unashika kisu. Doa moja linateleza kwenye mpini, linashukia mnofu, mnofu unaingia kwenye boksi. Hapo usiweke neno hata moja. Wazee wa kazi wa Mwanza wanaijua bei ya vidoa hivyo: kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilizuia kwa vipindi samaki wa Ziwa Victoria, na salmonela, kijidudu kinachoharisha watu, ilikuwa mojawapo ya sababu.

Somo lisizidi sekunde 60. Rekodi sauti kwanza, ndipo uchore kuifuata. Mimi sekunde hizo siziwekei zaidi ya maneno 110, maana maneno ya Kiswahili ni marefu. Ukichora picha 12 kwa kila sekunde utahitaji 720, na hutamaliza. Mchore mhusika vipande vipande, mkono ukatike begani, kwenye kiwiko na kwenye kiganja, kisha uvisogeze kwenye OpenToonz, programu ya bure. Mvalishe gambuti na aproni za kwenu hasa. Akiwa na plasta, iwe ya bluu, rangi inayoonekana upesi ikidondoka kwenye mnofu.

Ukimaliza, zima sauti umwonyeshe mtu asiyejua kusoma. Asipoelewa, chora upya, kwa sababu penye kelele za mashine hakuna atakayesikia.

Jambo la mwisho: muulize huyo mfanyakazi kwa nini hakuivua. Wengi wameniambia ni pete ya ndoa na hawana pa kuiweka salama. Kwa hilo katuni haina dawa. Iombe menejimenti visanduku vyenye kufuli kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na vikishafungwa ukutani, katika sekunde tano za mwisho za somo mchore akiiweka pete yake humo na kufunga.