Mwanangu, usitume hela ya ukuta

Mwanangu, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa bado jarubani tope mpaka kwenye viwiko, na sikutaka kukujibu kwa voisi manake ningelia katikati. Unasema tangu baba yenu afariki nalala peke yangu huku Indonesia kwenye nyumba isiyo na ukuta wala geti, unataka kunitumia hela nijenge na nifunge kamera kama mlivyofanya huko Kimara, alafu unataka zile jaruba za baba ziandikwe jina lako mapema kabla ndugu hawajazimeza. Najua yametoka kwenye mapenzi. Ila yote mawili nakukatalia, na nimekaa chini leo nikueleze vizuri ili usidhani mama yako kawa mkaidi.

Nianze na ukuta. We mwaka 2006 ulikuwa na miaka 7, sijui unakumbuka kiasi gani. Ilikuwa Jumamosi tarehe 27 Mei, saa kumi na mbili kasoro dakika saba asubuhi, mi naosha mchele na we bado umelala, ardhi ikaanza kutikisika na kunguruma kama lori linapita chini ya kitanda. Walikufa watu zaidi ya 5,700, wengi Bantul na huku kwetu Klaten, kisiwani Java, na waliowaua ni tofali mwanangu, kuta zilizojengwa bila nondo ziliwafuata watu kitandani. Nyumba ya mbao ya Mbah, babu yenu, ile yenye nguzo nne katikati, ilipinda tu ikabaki imesimama, ya tofali ya jirani ikawa kifusi. Na waliokutoa we chini ya kabati ni watu wa nyuma ya nyumba, walikimbia wakapita moja kwa moja uani kwetu kwa sababu hakuna cha kuzunguka. Nikikumbuka ile mikono yao ilivyojaa vumbi siwezi kujenga ukuta katikati yangu na wao, hata kama ni wa milioni ngapi.

Baada ya pale kijiji kilijengwa kwa sambatan, yaani leo wanaume wote wa RT wanahamia kwa fulani wanasimamisha fremu ya nyumba, wanawake tunapika, kesho wanahamia nyumba inayofuata, halipwi mtu. RT ni kama nyumba kumi za kwetu, ina mwenyekiti wake, ilianzishwa na Wajapani walipoikalia Java wakati wa vita kuu ya pili na mpaka leo ipo, mgeni akilala kwako inabidi umtaarifu mwenyekiti ndani ya saa 24. Ukija na rafiki yako usishangae nikikimbia na kitambulisho chake kabla hata hajanywa chai.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikukwambia mwezi wa pili ili usipate presha. Unakumbuka kile kikombe cha plastiki kilichopigiliwa msumari pembeni ya mlango? Kila nyumba inacho. Jioni unaweka mchele kiganja kimoja, siku hizi wengi tunaweka sarafu ya rupia 500, usiku watu wa ronda, ndo sungusungu wa huku, wanapita nyumba hadi nyumba wanakusanya, inaitwa jimpitan, hela inaingia mfuko wa RT wa taa za njiani na wagonjwa. Mjane hapangiwi zamu ya ronda, mi napeleka kahawa na mihogo ya kukaanga pale kibandani. Basi nilishikwa na homa, siku mbili sikutoka kitandani, simu imeisha chaji. Siku ya pili usiku kama saa saba nasikia mtu anagonga, “Bu, Bu, yaani mama, kikombe kitupu tangu jana, mko salama?” Walikuwa wanne na tochi. Walinikuta siwezi hata kukaa, wakaniweka kwenye gari la mwenyekiti mpaka kituo cha afya, na asubuhi kuku wangu walikuwa wameshalishwa. Kamera ingeniona nimelala tu.

Na baba yenu alivyokata roho usiku ule hujawahi kuniuliza ilikuwaje, labda unaogopa. Alfajiri msikiti ulivyotangaza Innalillahi, kabla jua halijatoka turubai limefungwa, viti vimefika, kaburi linachimbwa, mama zetu wameshaingia jikoni na vyungu vyao, na mi sikumwomba mtu hata mmoja.

Usidhani nakupamba maneno. Wezi wapo. Mwaka juzi mtu kabeba pampu ya maji shambani kwa Paklik wako, baba yenu mdogo, mchana kweupe, na pikipiki ukiiacha na funguo nje ya duka imeenda. Mwizi akionekana usiku wanagonga kentongan, ile ngoma ya gogo, haraka haraka bila kupumzika, wanaita titir, na kila mwanaume anatoka na alichonacho mkononi, hapo ndo mi siwapendi, wanapiga mtu mpaka damu kama walivyo wa kwetu, nimeshamwambia mwenyekiti wazi kwenye kikao kwamba mtoto wa watu akamatwe apelekwe polisi. Kuna na wale wakopeshaji wa kila siku, bank titil, wanakuja na pikipiki na kidaftari asubuhi wanawawinda wanawake wenye shida, hao wamefilisi watu wengi kuliko wezi wa kuku. Siwakopi na sitawakopa, hilo lala nalo usingizi.

Ila kinachoninyima usingizi mimi ni waya za panya. Watu wanazungushia jaruba waya tupu wanauunga kwenye umeme wa nyumbani ili panya wafe, na huko Sragen na Ngawi wakulima wamekufa wengi tu kwa waya hizo, mtu anaamka usiku kuangalia maji anasahau kuzima, miguu iko kwenye tope, basi. Yule anayenilimia, tunagawana nusu kwa nusu, alikuja kuniomba aweke. Nilimwambia waya ukiingia kwenye jaruba za marehemu mkataba umekufa siku hiyo hiyo. Tumesimamisha nyumba ya bundi kwenye nguzo ndefu, kama walivyofanya watu wa Tlogoweru kule Demak, na bundi ameshaingia, mi mwanamke wa Morogoro niliyelelewa kuogopa bundi saivi nikimsikia usiku namshukuru Mungu.

Haya, shamba. Hapa nataka usome polepole. Ulipofika miaka 21 ulichagua pasi ya Tanzania, sikukulaumu na sikulaumu leo. Lakini sheria ya ardhi ya huku, namba 5 ya mwaka 1960, kifungu cha 21, inasema umiliki kamili wa ardhi ni wa raia wa Indonesia tu, na mgeni akipata kwa urithi anapewa mwaka mmoja awe ameiachilia, ukipita mwaka ardhi inaangukia serikali. Baba yenu ana miezi saba kaburini. Kwa hiyo ukiandikwa jina lako, sio Paklik atakayelichukua shamba, ni sheria. Na huyo rafiki yako anayekushauri utumie jina la mtu mwingine huku nyuma mwenyewe ni wewe, mwambie sheria hiyo hiyo inaufuta mpango kama huo na hela haikurudii.

Paklik unamwonea. Mpaka 2018 jaruba zile zilikuwa bado kwenye daftari la kijiji, Letter C, kwa jina la babu yenu. Ulivyofika mpango wa serikali wa kupima ardhi yote ni yeye aliyesimama juani siku nzima na majirani wa mipaka yote minne, kila mmoja anashika nguzo yake ya zege na kusaini, na akasema mbele ya watu hii ni ya kaka yangu. Angetaka kula angekula siku ile.

Tulikaa wiki iliyopita, mi, Paklik, mdogo wako na mzee mmoja wa kijiji. Kwa mila wanasema sepikul segendong, mwanaume anabeba vikapu viwili kwenye mti begani, mwanamke kimoja mgongoni, kwa hiyo we mbili mdogo wako moja, sawa na mirathi yetu ya Kiislamu. Mimi thumuni yangu ibaki humo humo. Shamba lote liandikwe jina la mdogo wako kwa kuwa yeye ni raia, na fungu lako lithaminiwe kwa bei ya kijijini ulipwe hela kila msimu wa mavuno mpaka liishe, kwa hati ya notari, yule mwanasheria anayeandika hati. Kwa bei ya kijijini, nasisitiza, sio bei ya madalali waliotujaa tangu barabara ya kulipia ya kutoka Solo ilipofika Klaten mwaka 2024. Nawajua waliolipwa fidia, wapo walionunua shamba lingine na wapo walionunua gari na leo wananunua mchele dukani.

Baba yenu alitoka kwenye jaruba hizi akaja Mkindo, kwetu Morogoro, kufundisha watu wetu kupandikiza mpunga kwa mstari na kamba, kwenye kile kituo kilichojengwa 1996 kwa michango ya wakulima wa huku, ndo tukaonana. Sitaki ziuzwe nikiwa hai.

Hela ya ukuta iweke iwe nauli. Siku ya 1000 ya baba tunaweka jiwe la kaburi, nataka uwepo, na utabeba sinia la wali kupeleka kwa wale waliokutoa chini ya kabati, bado wapo. Ila kabla ya hapo nitumie picha ya pasi yako na cheti cha kuzaliwa, pande zote mbili na zisiwe na giza, mdogo wako anaenda kwa notari Jumatatu.

Mama yako