Beti chini, kiitikio kinapasua masikio: ninavyopandisha na kushusha sauti ndani ya traki moja

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: sauti ya mwimbaji iko kwenye traki moja (njia moja ya sauti) ndani ya programu ya kurekodi. Kwenye beti anaimba kama ananong'ona, kwenye kiitikio anapaza mpaka masikio yanauma. Ukishusha fada (kitelezi cha ukubwa wa sauti ya traki), kiitikio kinakaa sawa lakini beti zinamezwa na gitaa. Ukajaribu kupandisha beti kwa otomesheni (mstari unaouchora ili programu ipandishe na kushusha sauti yenyewe), "hakuna tofauti yoyote inayosikika". Sasa unauliza kama ukate vipande, kila kipande kiende kwenye traki yake.

Usigawe kwenye traki tofauti kwanza. Hilo la otomesheni kutosikika ndilo lililonigusa, maana lilinisumbua mimi karibu mwaka mzima, nikiilaumu programu, hedifoni, hata masikio yangu.

Sauti ndani ya traki inapita kwenye foleni. Kuna klipu yenyewe (kipande kilichorekodiwa), halafu plagini ulizopanga, yaani vichakata sauti (ikwalaiza ya kurekebisha besi na ukali, kompresa ya kubana sauti inayozidi kiwango fulani kiitwacho kizingiti, na wenzake), halafu fada, ndipo inatoka. Swali la msingi ni hili: huo mstari unaouchora uko wapi kwenye foleni? Ukiongeza sauti kabla ya kompresa, kompresa inaiona na kuibana. Chukua kompresa iliyowekwa 4 kwa 1. Sauti ikishavuka kizingiti, kila desibeli 4 unazoongeza mlangoni zinatoka upande wa pili zikiwa 1. Na desibeli 1 kwenye neno moja ni kiasi kidogo ambacho ni rahisi kukikosa. Kwa hiyo unavuta mstari, mlima unauona kwenye skrini, sikio halipati kitu. Neno halipandi, linasongwa tu zaidi.

Mimi nilikuwa nachora kwenye klipu huku nikiamini naendesha fada. Kuna neno moja nililivuta desibeli 9. Tisa! Likasikika vilevile, ila pumzi iliyolitangulia ikapanda kama mtu anayehema baada ya kukimbia, kwa sababu pumzi yenyewe ilikuwa chini ya kizingiti na kompresa haikuigusa.

Siku hizi natumia njia zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Kwenye klipu narekebisha uimbaji ili kompresa ipate sauti isiyopishana sana. Kwenye fada naendesha wimbo, yaani nani asikike mbele na wakati gani. Kwa tatizo lako ningeanza na klipu: kata pale beti inapoishia na kiitikio kinapoanza, lakini vipande vibaki kwenye traki ileile. Shusha kiitikio desibeli 3 au 4, pandisha beti kidogo, kisha angalia sindano ya kompresa, inayoonyesha inabana kiasi gani. Kama kwenye beti inalala usingizi na kwenye kiitikio inakaba roho, bado hujafika. Ikicheza kwa kiasi kinachokaribiana sehemu zote mbili, nusu ya kazi imeisha bila otomesheni yoyote.

Halafu ndiyo fada. Inategemea programu unayotumia. Kwenye Reaper chagua traki, bonyeza V, mstari wa sauti unatokea, na ukishika Shift ukabofya juu yake unapata nukta. Angalia tu usichukue ule ulioandikwa Pre-FX, huo uko kabla ya plagini na utarudi kwenye tatizo lilelile. Logic na Ableton Live zote ni herufi A. FL Studio unabofya fada ya miksa kwa kitufe cha kulia na kuchagua kuunda klipu ya otomesheni. Audacity ina zana ya envelopu, F2, na pale mchoro wa mawimbi wenyewe unanenepa na kukonda unapovuta, kwa hiyo hiyo ihesabu upande wa klipu, si wa fada.

Kinachowashinda wengi ni idadi ya nukta. Sehemu moja inataka nukta nne: mbili mwanzoni, mbili mwishoni. Zile za nje zinashikilia sehemu nyingine zisisogee, za ndani ndizo unazopandisha. Ukiweka moja katikati na kuivuta, utapata hema, na beti nzima itakuwa inapanda mlima polepole. Mteremko kati ya nukta ya nje na ya ndani usiwe wima kabisa, utasikia "tik". Milisekunde 20 au 30 zinatosha, na ukiweza uweke kwenye pumzi kati ya maneno mawili, pale hakuna anayekugundua.

Kiasi? Kati ya beti na kiitikio mara nyingi desibeli 1 mpaka 2 zinanitosha, baada ya klipu kurekebishwa. Neno lililomezwa, 2 au 3. Nikijikuta navuta 8, nasimama na kutafuta kilichoharibika mahali pengine. Mara nyingi ni gitaa linalokalia eneo lilelile la sauti ya mtu, na dawa yake ni kulishusha gitaa.

Ukichoka kuchora, endesha kwa mkono wimbo ukiwa unacheza. Hapa ndipo penye mtego. Kuna modi ya Touch: ukigusa fada inaandika, ukiachia inarudi kwenye ulichokuwa umeandika mwanzo. Latch inaandika ukishagusa na inaendelea kushikilia pale ulipoachia mpaka usimamishe. Write inaandika tangu unapobonyeza kucheza, uguse usiguse. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikipanga sauti ya mwimbaji neno kwa neno, nikaacha modi kwenye Write, nikarudisha mwanzo na kusikiliza wimbo wote nimefumba macho, nimeridhika kabisa. Nilipofumbua, mstari ulikuwa umenyooka kama rula. Kila nilichokiandika kilikuwa kinafutwa huku wimbo unacheza. Tangu siku hiyo Write siigusi. Natumia Touch, na nikimaliza narudisha kwenye Read, inayosoma mstari tu bila kuandika.

Jambo jingine la mkono: unachelewa. Unasikia neno liko chini, ndipo unasukuma, na neno limeshapita. Kwa hiyo baada ya kurekodi mwendo wa fada nachagua nukta zote na kuzisogeza nyuma kidogo, kiasi cha moja ya kumi ya sekunde hivi, kisha napunguza zilizorundikana.

Kesho yake utataka sauti nzima ishuke desibeli 1, utashika fada, na fada itarudi yenyewe ilikokuwa. Programu haijaharibika. Fada sasa inamtii yule mstari, si wewe. Reaper ina modi ya Trim/Read inayokuacha uongeze au upunguze juu ya mstari. Kwingine mimi naweka plagini ya kuongeza na kupunguza sauti mwisho kabisa wa foleni (kwenye Ableton inaitwa Utility), naiendesha hiyo kwa otomesheni, na fada inabaki huru mkononi mwangu. Kusema kweli nafanya hivyo hata pale pasipo lazima, maana miksi yangu haijawahi kuisha siku moja.

Kama mwangwi umeuweka kwenye traki yake na unaupelekea sauti ya mwimbaji, hakikisha sauti hiyo inachukuliwa baada ya fada. Ikichukuliwa kabla, utashusha mwimbaji na mwangwi wake utabaki palepale, asikike kama amehamia chumba cha pili.

Sasa kuhusu kukata na kugawa traki. Kuna wakati ninakubali: pale tofauti si ya ukubwa wa sauti peke yake. Anayenong'ona husogelea maiki, na maiki nyingi za kuimbia huongeza besi mtu anapoikaribia. Akipaza hurudi nyuma, besi inapungua, sauti inakuwa kali. Hapo unaweza kusawazisha desibeli zote na bado beti ikawa na ukungu na kiitikio kikachoma. Cheza beti na kiitikio zikiwa sawa kwa ukubwa. Ukisikia kama ni maiki mbili tofauti, hamishia kiitikio kwenye traki ya pili, kipe ikwalaiza yake na kompresa yake. Usipoisikia tofauti hiyo, acha kwenye traki moja, na uanze na ile klipu ya kiitikio.