Kamera za Kisovieti za filamu ya 120: jifunze mpangilio kabla ya lenzi

Wengi wanaotaka kununua Kiev 60 au Lubitel huuliza kwanza habari za lenzi. Je, ni kali? Pembeni inatoa picha safi? Mimi ningeanza na swali jingine: kamera hii inataka vitendo vyake vifuatane vipi? Katika miaka yote ya kutumia kamera za Kisovieti za filamu ya 120, nimeona nyingi zikipelekwa kwa fundi na lenzi zake nzima kabisa. Kilichoharibika ni meno ya gia, au shata, ule mlango unaofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu, iliyolazimishwa kufanya kazi kabla ya zamu yake. Mitambo hii haina kompyuta ya kukuzuia. Hukutii hata pale utii wenyewe unapoiumiza.

Chukua Kiev 88. Ukoo wake unaanzia kwenye Salyut ya mwaka 1957, kamera ya kiwanda cha Arsenal mjini Kiev iliyofuata kwa karibu muundo wa Hasselblad 1600F. Mwaka huohuo Hasselblad wenyewe waliuacha muundo huo na kutoa 500C, ambayo shata yake imo ndani ya lenzi. Arsenal waliendelea na shata ya mapazia ya chuma chembamba mno, yanayopita mbele ya filamu, kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana Kiev 88 ina sharti lisilovunjwa: koki shata kwanza, yaani ivute iwe tayari kufyatuka, ndipo ugeuze kasi. Kuigeuza kabla ya kukoki ni kuyachezea maisha yake. Mapazia yenyewe usiyaguse kwa kidole, wala usiyapulizie hewa ya kopo. Yakishapata kunyanzi, hayanyooki tena.

Kasha lake la filamu hubanduka, na hiyo inakupa njia rahisi ya kulipima kabla hujapoteza filamu nzuri. Tafuta filamu iliyoharibika uipakie kama kawaida. Kila baada ya kukoki, bandua kasha, toa bati la kuzuia mwanga, kisha chora kwa kalamu ya wino mzito ukifuata kingo za dirisha. Ukimaliza fremu zote 12, itandaze filamu mezani. Utaona kwa macho yako kama nafasi kati ya fremu ni sawa, zinapandana, au zinaachana mno. Mwanga nao hupenda kuvuja kwenye mwanya wa lile bati, hivyo unapolitoa livute moja kwa moja bila kulipindisha, na kamera usiiache juani kasha likiwa na filamu.

Anayenitaka ushauri wa kamera ya kwanza ya kioo, ile inayokuonyesha picha kupitia lenzi yenyewe, katika familia hii namwelekeza kwenye Kiev 60, iliyoanza kutoka Arsenal mwaka 1984. Ni nzito, na kioo chake kinaporuka unausikia mshtuko hadi kwenye viganja, lakini mapazia yake ni ya kitambaa na umbo lake halina mambo mengi. Lawama yake kubwa ni fremu kupandana. Lawama hiyo ina ukweli, ila sehemu kubwa ya dawa imo mikononi mwa mpakiaji. Filamu ya 120 haina kopo kama ile ya milimita 35. Ni filamu na karatasi yake vikizungushwa pamoja kwenye spuli, na vikilegea tu, vipimo vyote vinalegea. Kwa hiyo pakia kivulini. Weka kidole gumba juu ya spuli yenye filamu ili igome kidogo unapovuta, na usikiondoe mpaka mshale wa karatasi ufike kwenye alama yake. Ndipo ufunge mgongo wa kamera na kuvuta hadi namba 1. Kuanzia hapo wenzo uuvute mara moja, kwa mwendo mmoja mrefu hadi mwisho wake, kisha uurudishe ukiwa umeushika. Usiuachie urudi wenyewe kwa kishindo. Spuli iliyokazwa vizuri ina faida nyingine: filamu ikitoka imelegea, mwanga huingia pembeni na kuacha michirizi kwenye negativu.

Tatizo la pili la Kiev 60 halizungumzwi vya kutosha, nami naliona kubwa kuliko hilo la fremu. Ndani ya boksi, kati ya lenzi na filamu, kuna nyuso zinazong'aa. Ukipiga kuelekea anga jeupe, mwanga unadunda humo ndani na picha inapauka kama iliyopigwa kwenye ukungu. Watu huilaumu lenzi bure. Bandika kipande chembamba cha kitambaa cheusi chenye manyoya, mfano wa mahameli, kwenye kuta za ndani zisizosogea, ukihakikisha hakigusi kioo wala njia ya mapazia na hakiachi nyuzi. Halafu vaa kivuli cha lenzi kila wakati. Nimeona Volna-3, lenzi ya milimita 80 yenye tundu la f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) inayokuja na kamera hii, ikitoa weusi wa kina baada ya kazi hiyo ndogo, na sasa siipendekezi Kiev 60 kwa mtu bila kumweleza jambo hili.

Kuhusu kasi za shata, usiziamini namba zilizochongwa kwenye kitufe mpaka uzipime. Rekodi mlio wa shata kwa simu na uutazame mchoro wa sauti kwenye programu yoyote ya kuhariri. Kasi za polepole, mpaka 1/30 hivi, zinasomeka vizuri kwa njia hiyo. Za juu zipime kwa filamu: piga ukuta wenye mwanga sawasawa kwa 1/1000, 1/500 na 1/250. Upande mmoja wa fremu ukiwa mweusi kuliko mwingine, mapazia hayakimbii sawa. Basi acha kutumia 1/1000 na uendelee na maisha. Negativu, hasa ya rangi nyeusi na nyeupe, huvumilia mwanga uliozidi kidogo kuliko uliopungua.

Lubitel ni mnyama mwingine kabisa. Ilianza mwaka 1949 kwenye kiwanda cha Leningrad kilichokuja kuitwa LOMO, ikitokana na Voigtländer Brilliant ya Ujerumani. Ina lenzi mbili zilizopandana, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia, na zimefungamana kwa meno ili zizunguke pamoja. Hapo ndipo penye siri ya picha zake nyingi zisizo kali. Mtu akifungua lenzi kuisafisha na kuirudisha jino moja pembeni, unachokiona juu kikiwa kikali sicho kinachofika kwenye filamu. Kabla ya kulaumu lenzi ya T-22, fungua mgongo, tandaza selotepu isiyong'aa juu ya reli ambapo filamu hulala, weka shata kwenye B, ambapo hubaki wazi muda wote unapoibofya, ifungue kwa waya wa kubofyea, na uache tundu la lenzi wazi hadi f/4.5. Elekeza kamera kwenye kitu cha mbali sana chenye kingo wazi. Tazama selotepu kwa kikuza. Ikiwa kitu hicho ni kikali hapo lenzi ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa, lenzi ya chini iko sawa. Ya juu irekebishe ifuatane nayo.

T-22 ina vioo 3 tu. Ikifunguliwa yote, kingo hulainika na mandhari ya nyuma huzunguka kidogo, jambo ambalo kwa picha za sura mimi nalipenda sana. Ukitaka ukali, kaa kwenye f/8 au f/11. Kwenye Lubitel 2 na 166V kukoki shata na kuvuta filamu ni kazi mbili tofauti, hivyo ni rahisi kupiga picha mbili kwenye fremu moja. Chagua tabia moja usiivunje. Mimi huvuta filamu mara tu baada ya kupiga. Kidirisha chekundu cha mgongoni kifunike kwa mkanda mweusi, ukifunue kivulini unaposoma namba tu.

Kwa kamera za kukunja geuza tabia hiyo. Moskva-5, iliyotengenezwa Krasnogorsk mwaka 1956 hadi 1960, hutoa fremu 8 kubwa za sentimita 6 kwa 9. Unapoifungua, mvukuto unavuta hewa, na filamu inaweza kuvutwa mbele ikapoteza unyoofu wake. Kwa hiyo fungua taratibu, halafu ndipo uvute filamu, halafu upige. Mvukuto ukague gizani kwa tochi ya simu iliyowekwa ndani: kila nukta ya mwanga ni tundu, na tundu dogo hutibika kwa rangi nyeusi ya kitambaa inayobaki laini. Iskra, kamera nyingine ya kukunja, ina lenzi bora kuliko Moskva, Industar-58, lakini kihesabio chake cha fremu ni msumbufu. Usiinunue bila kukijaribu.

Ukipata kipima mwanga au prizma ya zamani yenye alama za GOST, kipimo cha Kisovieti cha wepesi wa filamu kupokea mwanga, kumbuka kwamba GOST 65 ni karibu na ISO 80 ya leo, na 130 ni karibu na 160. Mimi hutumia programu ya simu, na penye jua kali kanuni ya f/16: tundu likiwa f/16, kwa filamu ya ISO 125, piga kwa 1/125.

Matengenezo ya nyumbani yasizidi mipaka. Grisi ya zamani ya Kisovieti huganda mpaka lenzi ikagoma kuzunguka. Hiyo huondolewa kwa nafta na kuwekwa mpya kidogo sana. Lakini majani ya shata ya Lubitel na Moskva yanatakiwa kuwa makavu. Tone moja la mafuta likiingia humo, yanagandana. Hifadhi kamera shata ikiwa haijakokiwa, ndani ya chombo chenye silika jeli ili ukungu usile lenzi, na kila mwezi uizungushe kwenye kasi zote bila filamu. Unaponunua, tazama namba ya kamera: mara nyingi tarakimu 2 za mwanzo ni mwaka wa kutengenezwa.

Kiev 60 yako ikishakaa sawa, ndipo urudi kwenye swali la lenzi. Bayoneti yake, yaani kifungio cha lenzi, ni ileile ya kamera ya Kijerumani ya Pentacon Six, kwa hiyo mbali na Mir-38 ya milimita 65 na Vega-28 ya 120, unaweza kuivalisha lenzi za Biometar na Sonnar za Carl Zeiss Jena. Ningeanza na Vega-28.