Simu inasema inchi 14 za theluji, twende au tusiende? (Breckenridge, Colorado)

Mkuu, umeuliza hivi: unakuja Breckenridge na familia kutoka Dallas wiki ijayo, watoto hawajawahi kuvaa skii (zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji), simu inakuonyesha inchi 14 ndani ya siku saba, sasa ulipie tiketi za lifti (viti vya kamba vinavyopandisha watu mlimani) Jumatano au Jumamosi? Nimeendesha basi dogo la abiria kati ya Denver na vituo vya skii misimu sita, kwa hiyo vumilia, jibu langu ni refu kidogo.

Hizo inchi 14 ziweke pembeni kwanza. Simu haikudanganyi, ila mara nyingi inakusomea hali ya mjini. Breckenridge mjini ni kama mita 2,900 juu ya bahari, na lifti ya juu kabisa inakufikisha mita 3,914. Hapo katikati kuna karibu kilomita nzima ya kupanda. Unaweza kuacha nyuzi sifuri hotelini ukakuta -7 kule juu, na upepo juu yake. Nenda kwenye tovuti ya National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, bonyeza kwenye ramani pale mlimani penyewe, siyo kwenye jina la mji, na utaona namba zinabadilika. Halafu siku saba ni mbali mno. Siku ya tano, ya sita, ya saba mimi natazama tu kama kuna kitu kinakuja au hakuna. Namba naanza kuiheshimu zikibaki siku mbili.

Ila kabla ya namba kuna upepo. Mimi ni mtu wa Kibosho. Nyumbani mvua inaweza kutandika wiki nzima upande wetu wa Kilimanjaro, na ndugu aliyeko Loitokitok, mlima huohuo kwa nyuma, anapiga simu kulalamikia vumbi. Hewa yenye unyevu ikisukumwa kupanda mlima inapoa na kumwaga ilichobeba, ikivuka inafika upande wa pili mikono mitupu. Colorado ni hivyohivyo. Safu ya milima inakwenda kaskazini-kusini, Denver iko mashariki yake, Breckenridge iko ng'ambo. Upepo ukitoka mashariki, Denver inafukiwa, shule zinafungwa, wewe ukivuka handaki la Eisenhower, barabara inapopenya mlima, unakuta theluji ya kufuta kwa kiganja. Ukitoka kaskazini magharibi, Denver watu wako na mashati kwenye jua, huku Breckenridge na jirani yake Vail theluji inashuka kimyakimya siku mbili. Ukitoka kusini magharibi, wanaofaidi zaidi ni milima ya San Juan, kina Wolf Creek, mbali kabisa na unakokwenda.

Hili sikulisoma, lilinigharimu. Machi ya mwaka wangu wa pili, shemeji alikuja na wanawe wawili. Televisheni za Denver zilipiga kelele juma zima: dhoruba, dhoruba. Nikajisemea, kama mjini ni hivi, mlimani itakuwaje? Nikamwambia shemeji lipa. Tukasubiri barabara ifunguliwe, tukatoka saa kumi alfajiri. Kufika kituoni (jina naliacha) usiku mzima ilikuwa imeanguka inchi moja. Njia zilikuwa ngumu kama sakafu ya saruji, skii zikipita unasikia mlio kama wa kisu kwenye sahani, na lifti za juu zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya upepo. Tiketi tatu. Shemeji hakusema neno, alininunulia chai, na hiyo chai ndiyo iliyoniuma.

Tangu siku hiyo nasoma mwelekeo wa upepo kwanza, kasi yake juu kileleni pili, na inchi mwisho. Upepo mkali unakwangua theluji upande mmoja na kuirundika upande mwingine, ndiyo maana watu wawili waliokuwa mlima mmoja siku moja watakusimulia hadithi mbili.

Taarifa ya kituo inayotoka alfajiri nayo ina lugha yake. "Saa 24" inaweza kuhesabu theluji iliyoanguka jana asubuhi, ambayo jana hiyohiyo watu waliishaivuruga. Tafuta "usiku", yaani tangu lifti zifungwe. Vituo vingi vina kamera inayotazama ubao wenye vipimo, iangalie mwenyewe kabla hujatoka kitandani. Kina cha jumla, ile "inchi 60", hupimwa mahali palipokingwa vizuri, na hakikuambii lolote kuhusu mawe yaliyotokeza ukingoni mwa njia.

Na inchi hazilingani. Kwa kanuni ya zamani inchi moja ya maji hutoa inchi kumi za theluji. Kwenye baridi kavu ya huku zinaweza kufika 15 au zaidi. Ndiyo theluji ya unga: ukiifumbata kwenye glavu haishikani, inachuruzika kama sembe. Wenyeji wataacha kazi kwa ajili yake.

Lakini wewe siyo wao, mkuu, na watoto wako siyo wao. Theluji ya kufika magotini ni mateso kwa mtu wa siku ya kwanza: skii inazama, mtoto anaanguka, kuinuka hawezi. Mnachohitaji ni njia iliyolainishwa na mitambo usiku kucha, jua, na watu wachache. Yaani siku inayofuata dhoruba, siyo siku ya dhoruba yenyewe. Asubuhi yake mkisikia mishindo mizito huko juu msishtuke, ni walinzi wa usalama wa kituo wanalipua theluji iporomoke kabla ya wateja kufika. Kamba zilizofungwa msizivuke, hata ukiona nyayo za wenzako ng'ambo.

Barabara ya I-70, ile kuu ya kutoka Denver kupanda milimani: kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, sheria inataka gari liwe na matairi ya kufaa theluji au minyororo. Gari la kukodi la uwanja wa ndege likague kabla hujasaini.

Kwa hiyo Jumatano. Jumamosi nusu ya Denver itakuwa barabarani na nyinyi, iwe imeanguka inchi 14 au sifuri. Jumatatu jioni rudi kwenye ile ramani: upepo wa juu ukiwa umetulia, nunua mtandaoni usiku huohuo, maana dirishani siku yenyewe bei huwa juu zaidi. Ukiwa bado mkali, sogeza Alhamisi. Na wakodishie watoto suruali zisizopitisha maji, jinzi zibaki Dallas.